Kipa Asiyefungwa

Kila aliyewahi kula wali wa Ijumaa nyumbani kwa Mamkubwa, hapa Qurum, Maskati, anajua kwamba kipa wetu hakuwahi kufungwa hata goli moja. Huambiwa kabla hajaonja achari. Mamkubwa humngoja mgeni aketi, amtilie samaki kwenye sahani, kisha amwambie kwamba mwanawe kacheza Ulaya, juu ya barafu, kwa mshahara, miaka na miaka, na hakufungwa. Mgeni husema mashaallah. Kipa mwenyewe, yupo pale pale na sweta lake, huinamisha kichwa akachambua miba. Mimi hutafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

Jina lake sitalitaja, wala sitaeleza kazaliwa wapi na babu yake alikuwa nani. Kwetu wa kueleza nasaba hawajapungua, na wakianza hawamalizi. Huyu ni mtoto wa dada wa mama yangu, tumelelewa chini ya paa moja, na hayo yanatosha. Mbele yake namwita Kaka kwa kuwa kanizidi umri. Nyuma yake namwita Kipa kama wote. Watoto wetu, waliozaliwa Maskati na wasioweza kumaliza sentensi bila ya Kiarabu, humwita Khalu Kipa, yaani mjomba.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaueleza kama nilivyouelewa mimi, ambaye sikuupenda. Ni mpira wa magongo, ila unachezwa juu ya barafu, na wachezaji wamevaa viatu vyenye makali chini kama visu. Hawana mpira. Wanacho kisahani cheusi cha mpira mgumu, na kikipigwa kinaruka hata macho hayakioni. Goli ni dogo, na mbele yake husimama mtu kavaa magodoro miguuni na kofia ya chuma yenye wavu usoni. Kazi yake ni kupigwa. Anayelipwa kwa kupigwa ndiye kipa, na wetu alikwenda Denmark kusomea uhandisi akarudi na kazi hiyo.

Aliondoka akiwa golikipa wa mpira wa kawaida wa skuli, mrefu, na mikono kama makasia. Wenzake wa chuo walimtia golini kwa mzaha, mzaha ukawa kweli, na klabu moja ya mji mdogo ikampa mkataba. Hilo silipingi. Mkataba ulikuwa halali na mshahara aliupata. Chuo alikiacha, na Mamkubwa alilia siku mbili tatu, kisha akaamua kwamba kama mtoto kashaamua kucheza basi awe bora kuliko wote.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, Mamkubwa alimuuliza kwenye simu kafungwa magoli mangapi. Sebule nzima ilikuwa imemzunguka ikisikiliza. Kipa akajibu, hata moja, mama. Mamkubwa aliweka simu akaagiza halwa. Sijui kama kuna watu wengine duniani ambao wangefanya hivyo kwa jibu kama lile, lakini sisi ndivyo tulivyo: mtoto akihitimu Qur'ani, halwa, akipata kazi wizarani, halwa, asipofungwa Denmark, halwa. Mabakuli yalikwenda kwa ndugu na jirani, kila bakuli na salamu zake, na dereva alirudi na maombi kwamba Mungu amzidishie. Msimu wa pili simu ilikuja na jibu lile lile. Wa tatu pia. Ikawa ada, watu wakawa wanaulizia halwa ya Kipa kama wanavyoulizia mwezi wa Ramadhani.

Nilipokuwa nasoma Uingereza nilikwenda kumtembelea. Niliona vyema nikamtazame huyo shujaa, walau nirudi na la kusema. Nilikaa kwenye baridi nimejifunga shali mbili. Golini alisimama bwana mmoja mweupe mfupi, hakuwa ndugu yangu. Nikamtafuta Kipa, nikamwona mwisho wa benchi, kavaa magodoro yote lakini kichwani ana chepeo kama mtu aliyekwenda kununua mkate, anatafuna ubani. Pembeni yake palikuwa na kilango kidogo cha kuingilia uwanjani. Mchezaji akija kupumzika, Kipa anafungua. Mwengine akitoka kwenda kucheza, Kipa anafungua tena, kisha anafunga. Alifanya kazi hiyo kwa makini makubwa mpaka mchezo ukaisha. Wakati wote hakugusa kisahani.

Basi nikajua kwa nini hakufungwa. Mtu hafungwi akiwa bawabu.

Nilimuuliza tulipokwenda kula. Hakuona haya hata kidogo. Aliniambia kila timu ina makipa wawili, na wa pili ni lazima awepo, kwa kuwa wa kwanza akiumia nani ataingia. Nikamuuliza na mama yako unamwambia nini. Akasema namwambia kweli, ananiuliza nimefungwa mangapi na mimi sijafungwa. Nilirudi na hasira nikamweleza mama yangu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Dada yangu kashagawa halwa." Kombe likafunikwa. Mimi ndiye niliyebaki nimelikalia miaka yote hiyo, nikila samaki na kwenda jikoni.

Aliporudi Maskati kuishi alipata kazi ya kuuza magari mtaa wa Wattaya. Ukumbi wa magari una kiyoyozi kikali, na yeye alikishusha zaidi mpaka wateja wakawa wanapiga chafya. Alisema mtu akiona baridi huamua haraka. Alivaa sweta la buluu la klabu yake mwezi wa sita, wakati nje lami inanata kwenye viatu. Ukimpigia simu anakwambia yuko barafuni, ana maana yuko kazini.

Alirudi na tabia nyengine. Hawezi kupita mlango bila ya kugusa mwimo wa kulia na wa kushoto. Alinieleza kwamba kipa hatazami goli lake, liko nyuma yake, kwa hiyo hugusa nguzo moja na nyengine ajue amesimama wapi. Sawa, lakini huku ni sebuleni. Kwenye azaa, yaani matanga, ya jirani mmoja aligusa miimo ya mlango wa ukumbi, huku na huku, mbele ya wanaume wote waliokaa na kahawa zao, na mzee mmoja aliyemfuata nyuma akagusa na yeye, kwa kudhani kuna jambo Kipa analijua. Kwa muda wa wiki moja mtaa mzima ulikuwa unauliza ile ni dua gani.

Misemo ilikuwa mingi, na yote ilitoka kwenye mchezo ambao hakuucheza. "Toka mbele, goli linakuwa dogo." Aliitumia kwenye biashara, kwenye kuegesha gari, kwenye kumshauri mume wangu namna ya kuzungumza na mkwe wake. Maana yake, alivyoieleza, ni kwamba kipa akibaki nyuma kwenye mstari, mpigaji anaona nafasi kubwa. Akitoka kumkabili, nafasi inaziba. Siku moja tulikwenda Qantab kutembea na watoto, akapanga sufuria ufukweni kutuonyesha pembe za goli. Mtoto mmoja akarusha chungwa. Kipa akaruka. Chungwa alilizuia, siwezi kumnyima haki yake, lakini aliangukia sinia ya biriani, na siku hiyo tulikula mikate na jibini.

Mtu wa kutoka mbele! Huyo huyo anaogopa mjusi. Tukiwa na safari ya kwenda kula nje, hukaa ndani ya gari akingoja mwengine achague mkahawa. Mkahawa ukiwa mbaya, hulaumu. Mpishi akimletea nyama asiyoiagiza, huila.

Na kila alipoitwa, aliumwa. Hili nimelichunguza kwa miaka na naweza kuliapia. Mamkubwa alimpelekea posa kwa watu wema, mtoto wa kike mwenyewe akaridhia, jibu likaja, na jioni ile ile Kipa akashikwa na tumbo. Tumbo lilimshika mpaka watu wale wakamwoza binti yao kwengine. Wattaya walitaka kumfanya meneja wa tawi jipya. Mgongo ukamwuma wiki nzima, alilala chini sakafuni kama maiti, mpaka nafasi ikapewa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Asubuhi ya pili mgongo ukanyooka. Mimi nilisema ni uvivu. Nilimwambia usoni kwamba barafu imemganda kwenye mifupa, akacheka, akaniambia, "Zuwena, wewe ungekuwa mpigaji mzuri."

Mamkubwa alizeeka, miguu ikamkataa, akawa kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na Harriet, msichana wa Kiganda aliye mwepesi wa kazi na wa maneno. Lakini sifa ya mwanawe haikuzeeka. Kila aliyekuja kumjulia hali alipewa. Harriet mwenyewe aliambiwa siku ya kwanza, mizigo yake ingali mlangoni, na kwa muda mrefu alidhani Kipa ni mtu maarufu ambaye sisi tunamficha.

Ningemwacha aishi na uongo wake uliosemwa kwa maneno ya kweli, maana hakunidhuru. Kilichonitoa jikoni ni binti yangu.

Maskati tuna uwanja wa barafu, na jua la kwetu likishawaka watoto hawana pa kuchezea. Walipoanzisha saa ya wasichana Jumamosi asubuhi, mwalimu aliyepatikana alikuwa Kipa, kwa kuwa hakukuwa na mwengine aliyewahi hata kukaa karibu na mchezo huo. Thuraya wangu alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu, na mikono ya ukoo. Nilimpeleka apate baridi. Mara akaniambia Khalu Kipa kamfanya kipa.

"Wa kwanza?" nikamuuliza.

"Wa pili, mama."

Niliona giza. Nikawa nakwenda kila Jumamosi kumtazama, na kila Jumamosi namwona mwisho wa benchi, na chepeo, anafungua kilango na kukifunga. Kipa alimsifu mbele yangu kwamba hajawahi kuona mtoto anayefungua kilango kwa wakati kama yule. Nyumbani alianza kugusa miimo ya milango. Nilimkuta mlango wa jikoni, kidole huku, kidole huku, nikamwambia akirudia nitamkata mikono. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, mwenye akili na nguvu, na nilimwona anajifunza kazi ya kungoja mpaka mtu amalize umri.

Kisha yule kipa wa kwanza akasafiri na wazazi wake, na timu ya wasichana kutoka Dubai ilikuwa inakuja Jumamosi ya pili. Thuraya atasimama golini. Mimi, niliyeuchukia mchezo, nilifurahi mpaka nikamnunulia fulana za kuvaa ndani. Mamkubwa alipopata habari alimwita, akamkalisha karibu na kiti chake, akamshika mkono.

"Mjomba wako hakufungwa hata moja," akamwambia. "Na wewe usitutie aibu. Nshasema kwa watu. Halwa nnaiagiza mapema."

Mtoto aliitikia vizuri, naam bibi. Siku ya pili yake aliamka anachechemea.

Goti, alisema. Daktari alilikunja na kulikunjua, akalipiga picha, akasema ni goti zuri kuliko mengi aliyoyaona. Thuraya aliendelea kuchechemea. Lakini nilimwona kutoka dirishani anakimbia kumfukuza paka kwenye gari langu, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima. Alipogeuka akaniona, akakumbuka goti.

Sikumsema. Nilijua ugonjwa ule, na nilijua umetoka wapi. Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya wageni, nilimtia Thuraya kwenye gari na nia ya kwenda kumtoa timuni mbele ya wenzake wote na kumwambia Kipa maneno niliyoyaweka tangu Denmark. Mamkubwa akataka kuja. Hakuwahi kuuona mchezo ule maisha yake. Nikasema vizuri, naye asikie. Harriet akamfunga mashuka mawili na shali, tukaenda.

Nilimkuta Kipa kwenye kilango. Thuraya alikaa kwenye benchi akilishika goti lake. Nikaanza kwa sauti ya juu. Nilimwambia mtoto wangu sio bawabu. Nilimwambia alipoitwa kuja kusimama kapata goti, kama wewe ulivyopata tumbo na mgongo, na goti hilo daktari halioni, na hii ndiyo kazi uliyomfunza. Nilimwambia namchukua, na kwamba leo Mamkubwa atajua alikuwa anagawa halwa ya nini.

Nilitegemea acheke kama kawaida yake. Hakucheka. Alimtazama Thuraya, kisha akanivuta pembeni.

"Lini limeanza hilo goti?"

"Mama yako alipomwambia asitutie aibu."

Akavua chepeo lake, akaligeuzageuza mkononi.

"Na mimi niliitwa, Zuwena," akasema. "Mara moja. Kipa wetu alitolewa kwa machela. Kocha kanigeukia, kaniambia ingia. Nkamwambia nyonga imenikaza."

"Ilikukaza?"

"Haikunikaza kitu. Nlikuwa mzima kama leo. Ila nlimuona mama na mabakuli yake. Nkasema nikifungwa hapa, n'tamwambia nini kwenye simu? Wakamtia kijana wa timu ya watoto. Kafungwa mpaka basi. Na alipotoka watu walisimama wote wakampigia makofi, na mimi ndo nliyemfungulia kilango."

Nimeishi na watu wazima wengi, sijawahi kuona mtu mzima mjinga kama yule kwa wakati ule. Nikamwambia, "Yaani umekaa umri wako wote kwa ajili ya halwa."

"Kwa ajili ya halwa," akasema.

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, yote yamepangwa. Lakini alikuwa keshaniacha, kamwendea Harriet, anamuuliza kama mama anaona vizuri kutoka pale alipo. Harriet akasema anaona nusu. Basi akakisukuma kiti mwenyewe mpaka kwenye kioo cha nyuma ya goli, akafunga breki za magurudumu, akamrekebisha shali. Kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo.

Alitoka na magodoro yake ya zamani, yale aliyokuja nayo. Ngozi imepasuka, na ukanda wa kifuani haukufunga kwa sababu ya kitambi, akauacha unaning'inia. Kichwani alivaa kofia ya chuma. Wasichana wakaanza kucheka, na mimi pia. Akapita kilango, akateleza mpaka golini taratibu kama mzee anayeshuka ngazi za msikiti, akagusa nguzo ya kulia, akagusa ya kushoto. Akawaita wasichana wapange mstari wapige.

"Na Thuraya," akasema. "Akamate gongo la kawaida. Goti la kusimamia linauma, la kupigia haliumi."

Walipiga, na aliwazuia.

Hapa nitasema kweli ingawa inaniudhi. Alijua. Yule mtu mnene wa sweta, anayekula nyama asiyoiagiza, alikuwa anajua. Msichana wa kwanza alipiga kisahani kikaruka juu, Kipa akakidaka kwenye glovu kama anachuma embe. Wa pili alimtokea mbele, goli likawa dogo kama alivyotwambia pale Qantab, kisahani kikamgonga kifuani. Wa tatu alimzuia kwa mguu uliotanuka kiasi ambacho sikujua mguu wake unafika. Nilikasirika kuliko nilivyopata kukasirika naye. Asiyejua akikaa kwenye benchi ni halali yake. Huyu alikuwa na kazi mikononi mwake, akaiweka kwenye benchi, akaivisha chepeo, akaizeesha.

Zamu ya Thuraya ikafika. Alikuja mbio, amesahau kuchechemea, akapiga vibaya. Kisahani kilisota chini pole pole, mtu angeweza kukizuia kwa kofia. Kipa alipiga magoti, na magoti ya mtu wa umri wake hayafiki chini kwa wakati. Kisahani kikapita katikati ya miguu yake kikaingia.

Thuraya alijifunika mdomo kwa glovu.

Harriet ndiye aliyeinama kuniuliza. "Madam, si huyu ndio yule hafungwi?"

Mamkubwa aliusogeza uso wake mpaka pua ikagusa kioo. Kipa alikuwa anajiinua, ameshika mwamba wa goli, jasho linamtoka chini ya kofia. Akageuka akamtazama mama yake, na mimi niliyemjua tangu utotoni niliona kwamba anaogopa kama mtoto aliyevunja gudulia.

"Limeingia?" Mamkubwa akauliza.

"Limeingia, Mamkubwa," nikamwambia.

"Wapige tena," akasema.

Wakapiga tena. Alizuia machache na mengi yakaingia, maana pumzi ilimwishia. Kila likiingia alilitoa wavuni kwa gongo, akawarudishia, akagusa nguzo zake, akainama tena. Wasichana walikuwa wanapiga makelele ya furaha, na Thuraya kwa makelele hakushindwa na yeyote. Mwisho alikwenda mwenyewe mpaka golini, akamwambia kitu sikukisikia. Kipa akavua kofia. Aliyetoka alikuwa yeye, na aliyebaki amesimama golini, na magodoro ya mazoezi yaliyompwaya, alikuwa mwanangu. Alifungwa goli la kwanza papo hapo. Alilitoa wavuni kama alivyoona likitolewa.

Njiani kurudi, Kipa alilala kiti cha mbele kwa kuwa magoti yalikataa kukunjika nyuma. Mamkubwa alikuwa nyuma na Harriet na Thuraya. Tukafika taa za barabarani za Qurum.

"Leo ndo nimemuona anacheza," Mamkubwa akasema.

Nikamwambia, lakini Mamkubwa, miaka yote ulikuwa unatwambia kacheza.

"Mwanangu, kila picha alonletea kavaa chepeo," akasema. "Mtu atapigwa na vile vidude na chepeo? Nlijua yuko mlangoni. Nkasema basi, mtoto yuko mbali, yuko peke yake kwenye baridi, mimi mamake n'kimsifu atapata nguvu ya kusimama."

Nilimtazama Kipa kwenye kiti chake. Macho alikuwa kayafumba, lakini hakuwa amelala, maana kope zilikuwa zinacheza. Watu wawili walikuwa wamedanganyana kwa mapenzi miaka yote ile, na mimi peke yangu ndiye niliyejiona naijua kweli. Sikupenda kuwa mjinga wa tatu ndani ya gari langu mwenyewe.

Dubai walikuja wakatufunga vibaya. Thuraya alisimama mpaka kengele ya mwisho, akafungwa mengi, akalia kidogo ndani ya gari, akala mara mbili chakula cha usiku. Goti halikutajwa tena. Mamkubwa alituma halwa kwa wote waliokuwa wamezoea kuipata, na salamu zilizokwenda na mabakuli, Harriet alinionyesha, zilikuwa kwamba mjukuu kafungwa sana, alhamdulillahi, na mjomba wake pia.

Jirani walidhani Mamkubwa amechanganyikiwa. Walikuja kumtazama Ijumaa, sebule ikajaa. Kipa aliingia, akagusa miimo, akakaa kwa tabu na sweta lake. Safari hii hakungoja mama yake aseme. Aliwaeleza mwenyewe: wasichana walivyojipanga, walivyompiga kutoka pande zote, magoli yalivyoingia mpaka wavu ukachanika. Wavu haukuchanika. Ijumaa iliyofuata magoli yalikuwa yameongezeka, na wasichana wamekuwa wakubwa zaidi, na mmoja wao anapiga kama mwanamume. Nilivumilia. Ijumaa ya tatu nikashindwa, nikaweka sahani chini nikamwambia mbele ya wageni, Kaka, mimi nilikuwepo, hayakuwa mengi hivyo.

Alichambua mwiba wake mpaka ukatoka.

"Wewe ulikuwa umekaa, Zuwena," akasema. "Mimi ndo nliyesimama."

Wageni walinigeukia. Safari hii sikwenda jikoni. Nilimsogezea samaki.